Shajara ya mradi: kingo za tao na za nakshi kwenye mashine ya spindo

Karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam, na kazi inayoandikwa hapa ni kabati la vyombo la mninga lenye milango minne. Kila mlango una tao juu na paneli iliyochongwa pembezoni, na kabati lote linafunikwa na ubao wa juu ambao ukingo wake wa mbele umepinda na kupigwa nakshi. Kingo zilizonyooka sitaziandika, kwa kuwa kila mwenye spindo, yaani mashine ya kuchonga kingo kwa visu vinavyozunguka kwenye shafti iliyosimama wima mezani, anazifahamu. Nitaandika zilizopinda tu, kwa sababu hapo ndipo fensi, ule ukuta ulionyooka ambao mbao huuegemea ikipita kwenye visu, inapoondolewa mezani, na fensi ikiondoka huondoka na vitu viwili kwa pamoja: kinachoiongoza mbao na kinachoukinga mkono. Kazi yetu yote ya majuma haya ilikuwa kuvirudisha vitu hivyo viwili kwa njia nyingine, na ninaiandika kwa vipimo na gharama ili fundi mwenye mashine kama yetu aweze kuifuata.

14 Juni: Visu na mwendo wa mashine

Shafti ya mashine yetu ina kipenyo cha milimita 30, mota ni ya kilowati 3 inayotumia umeme wa fezi tatu, na puli zinatoa mizunguko 4,500, 6,000 au 9,000 kwa dakika.

Tumeanza kwa kuachana na vichwa vya zamani vya kushikia visu, ambavyo hushika vipande viwili vya chuma kwa kuvibana tu kati ya kola mbili (pete za chuma). Visu vya namna hiyo bado vinatumika katika karakana nyingi, na mara nyingine huchongwa kwa mkono kutoka kwenye chuma ambacho hakuna anayejua asili yake. Kipande kimoja kikizidi kingine uzito, shafti hutetemeka. Kikilegea, hakuna kinachokizuia kuruka. Sioni sababu inayotosha kumsimamisha kijana mbele ya kifaa cha aina hiyo. Tumenunua kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 125 na alama ya MAN, ambayo katika kiwango cha Ulaya cha EN 847-1 huonyesha kwamba kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya mbao inayolishwa kwa mkono. Mbele ya kila kisu kuna kizuizi, na kisu hakitokezi mbele ya kizuizi kwa zaidi ya milimita 1.1, hivyo hakiwezi kuuma mbao kwa kina kikubwa kwa mara moja. Kwa njia hiyo nguvu ya mashine kuirusha mbao hupungua sana, na hata kidole kikiguswa jeraha huwa dogo kuliko lile la vichwa vya zamani. Kichwa hiki, pamoja na visu vya umbo la robo duara na vya mfereji, kimetugharimu shilingi 480,000.

Mwendo tumeuchagua kwa hesabu, si kwa kusikiliza mlio. Zidisha kipenyo cha kichwa kwa mita na 3.14, kisha zidisha na mizunguko ya kila sekunde. Kichwa cha milimita 125 kwa mizunguko 6,000 kinatoa takribani mita 39 kwa sekunde, na kwa mizunguko 9,000 kinafikia mita 59. Kile kikubwa cha paneli, chenye milimita 160, kwa mizunguko 9,000 kingefika mita 75 kwa sekunde, mwendo ambao hatuutaki kabisa. Tumeamua kwamba cha 125 kitatumika kwa 6,000 na cha 160 kwa 4,500, na namba hizo zimeandikwa kwa rangi juu ya sanduku la kila kichwa. Kikomo cha mizunguko kilichogongwa kwenye chuma cha kichwa chenyewe hakivukwi kwa sababu yoyote.

21 Juni: Umeme

Hatua hii haikuwamo kwenye mpango. Fundi umeme alikuwa amebadilisha nyaya kwenye ubao wa umeme wa jengo, na tulipowasha mashine ikiwa tupu tukaona shafti inazunguka kinyume. Katika umeme wa fezi tatu inatosha nyaya mbili kubadilishana nafasi ili mota igeuze mwelekeo. Kwenye spindo jambo hili lina hatari mbili: mbao inayolishwa kutoka kulia haipingani tena na visu bali inafuata mzunguko wake, kwa hiyo hunyakuliwa kutoka mikononi, na nati inayoshika kichwa, ambayo imetengenezwa kwa mwelekeo mmoja, inaweza kulegea yenyewe.

Tumefunga rilei inayokagua mpangilio wa fezi, ambayo huzuia mota kuwaka mpangilio ukigeuka (shilingi 95,000 pamoja na ufundi), na swichi ambayo umeme ukikatika na kurudi haiwashi mashine mpaka mtu abonyeze upya (shilingi 120,000). Hii ya pili ningeiweka mbele ya kila ununuzi mwingine katika mradi huu. Umeme unapokatika mtu husogea, huinama kutazama kisu, au huweka spana kwenye nati, na kama swichi ni ya kawaida basi mashine huamka mkono wake ukiwa palepale.

Mshale mwekundu umechorwa mezani kuonyesha mzunguko. Ukitazama kutoka juu, visu vyetu huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na mbao hutoka kulia kwenda kushoto. Kila asubuhi mashine huwashwa kwa mguso mmoja bila mbao, na kila mtu huutazama mshale kabla ya kuanza.

28 Juni: Kiolezo cha kwanza, kilichoshindwa

Reli ya juu ya kila mlango, yaani mbao ya kulala inayofunga fremu ya mlango kwa juu, ina urefu wa milimita 420. Upana wake ni milimita 130 mwishoni na 70 katikati, kwa hiyo tao linapanda milimita 60 na nusu-kipenyo chake ni kama milimita 397. Kiolezo, yaani umbo la tao ambalo mbao hulifuata, tulikikata kwenye plaiwudi ya milimita 18 kwa urefu uleule wa reli, tukakifunga juu ya kipande cha paini kwa skrubu, na beringi iliyowekwa kwenye shafti juu ya visu ikawa ndiyo inayosuguana na kiolezo.

Tulipoanza kukata, kipande kiliruka kutoka kwenye kisu, lakini hakikumpata mtu, kwa kuwa sheria ya karakana ni kutosimama katika mstari wa mbao. Sababu ilionekana wazi tulipokipima. Kiolezo kilikuwa kinaanzia pale pale mbao inapoanzia, hivyo pembe ya mbao ilifika kwenye kisu kabla kiolezo hakijapata kuegemea kwenye beringi. Kwa muda mfupi huo mbao haikuwa na kitu chochote cha kuiongoza ila mikono ya mtu, na mikono haiwezi kushindana na kilowati 3. Pembe yenyewe ilikuwa dhaifu pia, maana kwenye ncha za tao hili mstari wa ukingo unapishana na nyuzi za mbao kwa takribani digrii 32, na pembe yenye nyuzi fupi humeguka kwa urahisi.

Hasara: vipande vya paini vya shilingi 24,000 kwa majaribio yote ya hatua hii, na hakuna mninga uliopotea. Kiolezo kipya hakigusi mbao ya mteja mpaka kimepitishwa kwenye paini.

5 Julai: Kiolezo cha pili, na pete badala ya beringi

Kiolezo cha pili kimeongezwa milimita 90 kila upande kupita urefu wa mbao inayokatwa. Sehemu hiyo ya ziada haina mbao chini yake. Kazi yake ni kuegemea kwenye kiongozi na kutulia kabla kisu hakijagusa kitu, na kubaki imeegemea baada ya kisu kutoka. Mbao nayo hatuikati tena kwa vipimo vya mwisho. Tunaanza na ubao wa urefu wa milimita 600 na upana wa 200, tunapiga tao na nakshi yake ubao ukiwa bado mzito na mpana, kisha ndipo tunaupasua na kuupunguza ncha. Kipande kizito hakirushwi kirahisi, na zile pembe zenye nyuzi fupi huwa zimo ndani ya sehemu ambayo baadaye inakatwa na kutupwa. Gharama ni mbao kidogo ya ziada kwa kila reli, nami naihesabu kuwa gharama ya haki.

Ubao umefungwa kwenye kiolezo kwa klampu nne za wenzo (shilingi 72,000), nyuma yake kuna kizuizi cha mbao kilichogundishwa na kupigwa skrubu, na uso wa kiolezo unaogusana na ubao umebandikwa msasa ili usiteleze. Vishikio viwili vya mviringo vimewekwa mbali na ukingo unaokatwa, kiasi kwamba mkono haufiki karibu na visu kwa chini ya shubiri moja hata mtu akiteleza. Glovu hazivaliwi hapa, wala mikono mirefu ya shati isiyofungwa, kwa sababu kitambaa kikinaswa na shafti huvuta na mkono pia.

Beringi nayo ilituletea tatizo. Baada ya kazi ya muda, vumbi laini na utomvu viliingia ndani yake, ikaanza kuzunguka pamoja na shafti, na ukingo wa kiolezo ukaungua na kupata bonde dogo. Bonde hilo kwenye kiolezo likawa bonde kwenye kila mbao iliyofuata. Tulinunua beringi mbili zilizofungwa pande zote (shilingi 28,000), na ingawa zilidumu kidogo zaidi, nazo zilianza kupata moto.

Suluhisho limetoka mtaa wa Gerezani, kwa fundi mzee wa kukereza vyuma. Tulimwomba pete isiyozunguka kabisa, ya chuma cha unene wa milimita 10, itakayoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya visu na kukizunguka kichwa. Alipouangalia mchoro wetu wa pete yenye mdomo uliokatwa wima upande wa kuingilia, alisema, "Mwanangu, usiweke kona hapa. Kona ndiyo itakayokamata." Kwa ushauri wake, upande wa kulia wa pete ni mnene zaidi na unapungua pole pole mpaka kwenye alama iliyopigwa juu yake. Kiolezo kikiegemea mwanzoni mwa pete, visu havigusi mbao. Kikivutwa kuelekea alama, visu huanza kula kidogo kidogo. Kikifika kwenye alama, kina kimekamilika. Mkato wote baada ya hapo hufanyika kiolezo kikigusana na pete kwenye alama hiyohiyo. Kwa kuwa pete imefunika visu kutoka juu, imekuwa kiongozi na kinga kwa wakati mmoja. Ililipiwa shilingi 85,000.

12 Julai: Nyuzi za mbao

Sasa mbao haikurushwa tena, lakini reli ya kwanza ya mninga ilichanika kwenye nusu moja ya tao, na ya pili ikachanika mahali palepale. Mbao mbili hizo ni hasara ya shilingi 36,000.

Tao la ndani lina tabia moja isiyobadilika. Kisu kikishuka kutoka kwenye ncha kuelekea katikati, kinalaza nyuzi. Kikipanda kutoka katikati kwenda ncha ya pili, kinaziinua na kuzing'oa. Tao la nje, kama la paneli, ni kinyume chake: ni salama kutoka kileleni kwenda pembeni. Kwa kuwa mashine inazunguka upande mmoja tu na mbao inapita upande mmoja tu, nusu ya kila tao lazima ikatwe vibaya isipochukuliwa hatua. Vijana walipendekeza kuilisha nusu hiyo kutoka kushoto, yaani kwa kufuata mzunguko. Nimekataa na nitaendelea kukataa: nakshi safi haipatikani kwa kumpa kisu nafasi ya kuinyakua mbao.

Tuliigawa kazi. Kwanza msumeno wa mkanda unaacha milimita 2 tu nje ya mstari. Pili, kisu kilichonyooka kinasawazisha ukingo mpaka kwenye mstari, na kwa kuwa kisu hicho hakina juu wala chini, nusu ya pili inakatwa kwa kugeuza ubao na kuhamishia kiolezo kwenye uso wake mwingine. Kila nusu inakatwa kwa kushuka. Tatu, kisu cha nakshi, ambacho hakiruhusu kugeuza, kinapita kwenye ukingo ambao tayari ni laini, kwa mikato miwili, na mkato wa mwisho hauondoi zaidi ya milimita 1. Visu vilinolewa kabla ya mkato huo. Kwenye nusu inayopanda mbao husogezwa polepole kuliko kawaida, lakini haisimamishwi, kwa sababu mninga ukisimama mbele ya kisu huungua na kuacha alama nyeusi ambayo msasa hauiondoi bila kuharibu umbo.

Reli zote nne zimetoka bila kuchanika, isipokuwa kovu dogo kwenye moja, ambalo limeangukia ndani ya mfereji unaopokea paneli na halitaonekana.

26 Julai: Paneli

Kiolezo cha reli hakiwezi kuwa kiolezo cha paneli, ingawa matao yanaonekana kuwa mamoja. Mfereji wa reli una kina cha milimita 10, na paneli inaingia milimita 8 ndani yake, kwa hiyo tao la paneli lina nusu-kipenyo cha milimita 405 na ushei, kubwa kuliko la reli. Tulikata kiolezo chake peke yake. Pembeni tumeacha nafasi ya milimita 3 kila upande na hatutii gundi, kwa sababu hata mninga, ambao unasifika kwa kutulia, hutanuka upana wake masika yanapofika na hewa ya pwani ikajaa unyevu.

Paneli hulazwa kifudifudi, kichwa cha milimita 160 kikiwa chini yake. Mpangilio huu ni bora kuliko kuweka kichwa juu ya mbao kwa sababu mbili: paneli yenyewe inafunika visu, na ikiinuka kwa bahati mbaya inaondoka kwenye kisu, ambapo kichwa kikiwa juu ingejichimba. Kina chote kimechukuliwa kwa mikato mitatu, na shafti hupandishwa mashine ikiwa imezimwa na visu vimesimama kabisa. Kusubiri visimame huchosha, lakini kijiti hakitumiwi kuvikandamiza ili visimame haraka.

Kwenye kila paneli tulianza na tao na upande wa chini, ambako nyuzi zinakatwa kwa kukingama, kisha tukamalizia na pande mbili ndefu. Kisu kinapotoka mwishoni mwa mkato wa kukingama humegua pembe kidogo, na mkato wa upande mrefu unaofuata huufuta uharibifu huo. Paneli iliyoanzwa na pande ndefu kwa majaribio, ya paini, ilibaki na pembe zilizomeguka.

Vumbi la paneli ni jingi mno. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga huwasha pua na kifua hata kwa muda mfupi. Mfuko wa kufyonzea umeunganishwa moja kwa moja chini ya meza, na barakoa za vumbi zinavaliwa na kila aliye ndani, akiwamo anayefagia.

3 Agosti: Ubao wa juu

Ubao huu una urefu wa milimita 1,700, na ukingo wake wa mbele umetokeza kwa tao la taratibu lenye nakshi ya wimbi, yaani bonde linalofuatwa na tumbo. Kwa uzito wake hauwezi kurushwa kirahisi, ila unaweza kumwelemea mtu na kumtoa kwenye alama ya pete, na mara hiyo kina cha nakshi hubadilika. Tumetengeneza meza mbili za pembeni zenye kimo sawa na cha mashine, na msaidizi anabeba ncha ya kushoto bila kuivuta. Kuvuta ni marufuku, kwa sababu anayevuta haoni kisu na anayesukuma hajui atavutwa lini.

Mkato wa kwanza kwenye paini uliacha alama za kuungua mahali mikono ilipobadilishana. Tulichora kwenye mgongo wa kiolezo sehemu za kuweka mikono na sakafuni sehemu za kuweka miguu, tukaurudia mwendo wote mashine ikiwa imezimwa mpaka kubadilisha mkono kukawa hakusimamishi ubao. Mninga ulipopita haukuacha alama ya moto, na nakshi ilihitaji msasa wa namba 180 tu.

10 Agosti: Hesabu

Gharama za kuitayarisha mashine kwa kingo zilizopinda, bila mbao za kabati lenyewe wala ujira, ni hizi: kichwa na visu 480,000, rilei 95,000, swichi 120,000, plaiwudi ya violezo 80,000, pete 85,000, klampu 72,000, beringi ambazo hatuzitumii tena 28,000, mninga ulioharibika 36,000, paini ya majaribio 24,000. Jumla ni shilingi 1,020,000. Kichwa cha paneli tulikuwa nacho tangu awali. Atakayeanza na pete bila kupitia kwenye beringi, na kusawazisha ukingo kabla ya nakshi, ataokoa 64,000 kati ya hizo.

Violezo vyote vimetundikwa ukutani. Juu ya kila kimoja imeandikwa kichwa chake, mizunguko, idadi ya mikato, na mshale unaoonyesha upande wa kuanzia. Hatua inayofuata ni migongo ya viti sita vya seti hiyohiyo, ambayo imepinda pande mbili na haitalala kwenye meza ya mashine. Kwa hiyo kabla ya kiolezo tutahitaji kwanza kitanda cha mbao kilichopinda kwa umbo la mgongo wenyewe, ili kila sehemu inayofika mbele ya kisu iwe imeegemezwa chini.